Ubao Unaoruka Mlango Mmoja

"Hivi wewe ukipiga picha, mwenyewe unakuwa wapi?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa Bi Mize na jirani yake wa mkono wa kulia, bibi mmoja mfupi aitwaye Hisae, asubuhi moja walipokuwa wote wawili wanafagia mbele ya milango yao. Hisae hakuuliza kwa ubaya. Aliegemea ufagio, akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa Bi Mize, akauliza kama mtu anavyouliza iwapo mvua itanyesha, kisha akaendelea na kazi yake. Majani aliyasogeza mpaka kwenye mpaka wa nyumba yake na hapo akakomea, hata jani moja hakuvuka nalo. Bi Mize alijibu kwamba anakuwa nyuma ya kamera, kwingine awe wapi. Hisae akaitikia, ahaa, akaingia ndani. Swali lakini halikuingia naye. Lilibaki kizingitini kwa Bi Mize, likakaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga, na tangu siku hiyo kila akifungua mlango hulikuta hapo, limekunja miguu, linamngoja.

Mtaa wenyewe uko Japani, katika mji ambao jina lake Bi Mize alilijua kwa miaka kumi na tisa, na sasa hana hakika nalo. Jina hilo alipewa na mumewe. Huyo alikuwa Seiji, mpimaji wa mito, aliyekwenda Pangani kupima kina cha maji akaishia kusilimu, akaitwa Idrisa, akamwoa Mize binti Shekue, akamleta huku. Miaka mitatu iliyopita Idrisa alifariki, na tokea hapo jina la mji limekuwa kama la mtu uliyeonana naye harusini mara moja: sura unaijua, ulimi unakataa. Bi Mize huuita "hapa". Anakaa hapa, anaswali hapa, anazeeka hapa. Dada yake akimuuliza kwa simu yuko wapi, husema niko hapa, na dada yake kule Pangani naye hujibu hata mimi niko hapa, wakacheka. Simu ikishakatika, Bi Mize hubaki akijiuliza ni nani kati yao wawili aliyesema uongo.

Ni mtaa wa vichochoro. Nyumba zimebanana bega kwa bega, mbele ya kila mlango vyungu vya maua, na kando ya kuta chupa za plastiki zilizojazwa maji, zimepangwa mstari ili zifukuze paka. Paka hupita katikati yake bila kujali. Nyaya za umeme juu zimesukwa kama ukili ulioachwa na msusi aliyeitwa ghafla. Penye kona, kwa kuwa baiskeli na magari hayaonani, pamesimikwa vioo vya mviringo juu ya nguzo, vimebinuka kama jicho la samaki, na ndani yake mtaa mzima huonekana umejikunja kulala. Mwisho wa mtaa kuna hekalu dogo la wenyewe: lango jekundu, mbweha wawili wa mawe waliovishwa vitambaa vyekundu shingoni, hodhi la maji na upawa wa mianzi, na ukuta wa vibao ambavyo watu huandika haja zao wakavitundika. Mtihani. Ujauzito. Mgongo. Karibu na mbweha wa kushoto ipo mashine ya kuuza vinywaji, inanguruma mchana kutwa, na kila ukiitia sarafu inakwambia ahsante, karibu tena. Mtaani kote hakuna mwingine anayemwambia Bi Mize karibu tena.

Kila siku akishaswali Alasiri huvaa kamera ya marehemu, hufungua mwavuli wake mweusi wa kukinga jua, hutoka. Langoni kwa hekalu hapiti. Dini yake anaijua. Husimama nje ya uzio akapiga picha ya kile kinachoonekana kutoka nje, na hukaa muda mrefu kwenye ule ukuta wa haja, kwa kuwa mwandiko wa mtu mwenye shida haufichiki, hata ukiwa huwezi kuusoma. Mkono unatetemeka vilevile unavyotetemeka wa kwake akiinua dua. Haoni haya kusema kwamba amewahi kuwaombea wenye vibao, kwa Mola wake yeye, kimyakimya, kutoka upande wake wa uzio.

Alichokuwa akikitafuta ni watu. Idrisa alipiga picha za watu: muuza maharage akifuta miwani, mwanamke amebeba mtungi wa samadi ya maua, wazee wawili wamegeuziana migongo mbele ya kinyozi. Bi Mize kila akiinua kamera watu huondoka. Si kwa hasira, laiti ingekuwa hasira. Huondoka kwa adabu. Anayekuja husimama ghafla pembeni, huinamisha kichwa, hungoja picha ipigwe ili asije akaiharibu. Aliyemo hutoka mbiombio akiomba radhi. Bi Mize huwapungia mkono, piteni, piteni, nawataka nyinyi. Nao hudhani anawashukuru, huinama zaidi, huzidi kungoja. Kichochoro kizima husimama kwa heshima ya picha ambayo hakuna mtu ndani yake. Anapobonyeza, anabonyeza utupu. Akishusha kamera, wote wanapita kwa pamoja, wanakuwa wengi, wanapigana vikumbo kwa upole, na filamu imekwisha.

Picha huzisafishia kwenye duka moja la barabara kubwa. Mwenye duka humkabidhi bahasha kwa mikono miwili na husema kila mara kwamba picha zake ni tulivu sana. Bi Mize amefika mahali utulivu anauchukia. Ana sanduku la biskuti limejaa utulivu. Vyungu, chupa, baiskeli zilizoegeshwa, glovu iliyodondoka ikavishwa kwenye mti wa uzio ili mwenyewe aione, viatu vimepangwa mlangoni vikielekea nje. Mamia ya picha, na ukizitandika zote sakafuni unapata mji ambao watu wake wameitwa mahali, wote, isipokuwa mmoja ambaye hakuambiwa.

Kuna siku alisimama kwenye kivuko cha reli. Kengele ikalia, mti wa kizuizi ukashuka, treni ikapita, na madirisha yake yote yalikuwa na mtu mmoja yuleyule amesinzia. Kizuizi kilipopanda, majani ya mkuyu wa upande wa pili yalikuwa ya manjano, na Bi Mize alikumbuka vizuri kwamba alipofika yalikuwa mabichi. Alijitazama mikono. Ilikuwa mikono ya mamake. Akavuka kwa sababu watu nyuma yake walikuwa wanangoja kwa adabu avuke. Kwa kinyozi kalenda ilionyesha mwaka ambao Idrisa bado alikuwa hai, na kinyozi mwenyewe alipomwona alimwinamia akasema salamu kwa mumeo, halafu akakumbuka, akageukia ukuta. Bi Mize alimwambia zimefika.

Nipo, alijisemea Bi Mize. Wamenipisha. Anayepishwa yupo, asiyekuwepo hapishwi. Lakini na jeneza hupishwa. Ya Rabi, mimi ni kitu gani wanachokipisha? Nimeswali tano zangu, nimefunga, nimefagia mbele ya mlango mpaka mpakani. Sikuomba kupendwa. Naomba kugongewa mlango. Mtu agonge tu, hata kwa kukosea nyumba.

Naam, kugongewa. Kwa maana mtaani humo kuna ubao, na shida yote ya Bi Mize imo katika ubao huo. Ni ubao mwepesi wa kijani wa kubania karatasi, wenye kamba ya kuutundika. Hubanwa humo matangazo: siku ya takataka imebadilika, maji yatakatwa, sikukuu ya hekalu ni tarehe fulani, mzee fulani amefariki. Unausoma, unagonga muhuri wako mwekundu kwenye kisanduku chenye jina la nyumba yako, unampelekea jirani, na jirani anampelekea jirani. Hauna mwenyewe na hauna mwisho. Nyumba kumi na tatu, duara moja. Kuna tawala zenye askari na kuna tawala zenye ubao. Ya askari unaweza kuikimbia, kwa sababu inakufuata. Ya ubao utaikimbiaje, na yenyewe haina haja nawe? Mfungwa ana namba. Maiti ana jina juu ya jiwe. Bi Mize alikuwa na kisanduku kilichokatwa mstari mmoja wa wino, kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka.

Idrisa alipokuwa hai, Hisae aliuleta ubao kwao, Idrisa akagonga muhuri, akaupeleka kwa jirani wa mkono wa kushoto, Mzee Tokunaga, mstaafu wa reli ambaye ndiye mkuu wa mtaa. Tangu msiba, Hisae huupitisha. Bi Mize amesimama mara nyingi nyuma ya pazia akahesabu hatua za bibi yule kutoka mlango wa kulia hadi mlango wa kushoto: kumi na moja. Katika hatua ya sita Hisae hupunguza mwendo, huinamisha kichwa kuelekea nyumba ya Bi Mize kama apitaye makaburini, kisha humalizia tano zilizobaki. Miaka mitatu Bi Mize alingoja hatua ile ya sita igeuke. Hakwenda kuuliza. Kwao mtu hadai kilicho chake kwa jirani, jirani hukileta.

Basi siku moja alipokuwa anatoka na mwavuli wake alikuta ubao umetundikwa kwenye geti la Hisae, karatasi ya juu inapepea. Alisogea. Palikuwa na picha ya mtu aliyepigwa kwa nyuma: vazi jeusi hadi chini, mwavuli mweusi, amesimama nje ya uzio wa hekalu hali ameinamisha shingo. Maandishi alihangaika nayo akayaelewa. Yalisema tujihadhari, kuna mtu asiyejulikana anazunguka mtaani akitazama nyumba za watu, hajulikani anakoishi, ukimwona mwarifu mkuu wa mtaa. Chini yake mihuri myekundu sita ilikwisha kugongwa.

Bi Mize aliogopa. Mjane, peke yake, na mlango wake kitasa kimelegea. Alirudi ndani akafunga madirisha, akasoma Ayatul Kursi akapuliza pande nne. Wiki nzima alitembea kwa tahadhari, akimtafuta mtu huyo kabla hajatafutwa. Alijibanza nyuma ya mlingoti wa kinyozi, ule wa mistari unaozunguka mbele ya duka lake. Alichungulia vichochoro vitupu. Mara moja alimwona, kwa mbali, ndani ya kile kioo cha mviringo cha kona: kidogo, cheusi, kimejikunja pamoja na mtaa, kimesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akainua kamera akabonyeza, ili awe na ushahidi, akageuka nyuma kwa kasi. Barabara ilikuwa nyeupe.

Alipokwenda dukani kuchukua bahasha, mwenye duka alitoa picha moja juu ya nyingine zote, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba hii ndiyo bora, kwamba hatimaye amempata mtu. Bi Mize aliivuta karibu na macho. Mwavuli mweusi. Vazi jeusi, na pindo la chini limeshonwa kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku ile lilipochanika uzi mweusi ulikuwa umekwisha nyumbani. Kamera imefunika uso.

Alikaa juu ya kigoda cha wateja. Kwanza kilimjia kicheko. Wiki nzima amejiogopa. Amejisomea dua ya kujikinga na nafsi yake. Halafu alikumbuka ile mihuri sita, na mmojawapo, wa pili kutoka juu, ulikuwa wa Hisae. Ndipo hasira ilipompanda, hasira ya mtu mpole, ambayo hupanda polepole na haijui ngazi za kushukia.

Aliporejea mtaani ubao ulikuwa tena kwenye geti la Hisae, na karatasi mpya. Aliuchukua. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliuchukua kama achukuaye nguo yake kambani, akaingia nao ndani, akauweka juu ya mkeka, akakaa mbele yake.

Mtaa ukasimama. Siku ya kwanza hakuna aliyejua takataka zinatolewa lini. Walitoa wote, kunguru wakachana mifuko. Siku ya pili waliacha kufagia, maana karatasi ya zamu ilikuwa imebanwa kwenye ubao, na hakuna aliyethubutu kufagia zamu ya mwenzake. Mlingoti wa kinyozi uliacha kuzunguka. Kengele ya kivuko haikulia na treni haikuja kuulizia sababu. Siku ya tatu jua lenyewe lilionekana kungoja maelekezo: Bi Mize aliswali Alasiri, akakaa juu ya msala kuingoja Magharibi, akangoja mpaka magoti yakafa ganzi, na kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa palepale. Alistaajabu na kuudhika. Ubao usio na uzito wa sahani, na alama ya nyumba yake humo ni mstari wa wino, basi yeye ndiye ameusimamisha ulimwengu na bado hakuna anayemjua.

Alasiri hiyohiyo isiyokwisha Mzee Tokunaga alitoka kuutafuta ubao nyumba kwa nyumba. Alifuatana na Bwana Nagai, mpangaji mpya wa jengo la kona, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kuomba radhi kabla hajasema neno. Ndiye aliyeiandika ile karatasi ya onyo. Bi Mize aliwasikia. Alivaa mtandio wake mzuri, akakaa nyuma ya mlango, ubao mapajani. Alishapanga atakachosema. Atawaambia karibuni. Atawaacha wakae, atawapa chai, wanywe, kisha ndipo aukabidhi na kuuliza. Akasikia wakigonga kwa Hisae, mazungumzo, samahani, hapana, samahani. Hatua zikaja. Zikafika mlangoni kwake. Zikanyamaza kitambo kidogo, kitambo cha mtu kuinamisha kichwa. Zikaondoka.

Walizigonga nyumba kumi na mbili. Walifungua makabati, walitazama chini ya maua, walimuuliza mwenye mbwa. Mahali ubao ulipokuwa hawakugonga, kwa sababu mahali hapo kwenye ubao hapakuwepo. Bi Mize alikaa na ile chai aliyoichemsha. Ikapoa. Alijihisi kama mtu anayepiga kelele ndani ya picha.

Jioni ikakataa kuingia, wakaitana mkutano katika ukumbi mdogo ulio ubavuni mwa hekalu. Ukumbi huo una mlango wa nyuma unaofunguka kichochoroni, karibu na mapipa, kwa hiyo lango jekundu halikumlazimu. Bi Mize alitia udhu upya, akauchukua ubao chini ya kwapa, akaenda. Pea kumi na mbili za viatu zilipangwa mlangoni. Alivua vyake akaviweka mwisho wa mstari. Walikuwa wamekaa juu ya mikeka, birika linachemka katikati yao, na alipoingia wote walisogea ili apite, mpaka pakawa na njia kutoka mlangoni hadi ukutani. Hakupita. Aliketi pale katikati, akauweka ubao chini.

Bwana Nagai alisema samahani. Kisha aliona ule mwavuli mkononi mwa Bi Mize, na lile vazi, akasema samahani ya pili, yenye sauti nyingine.

Bi Mize aliwauliza mtu aliye kwenye karatasi yao ni nani. Wote waliitazama mikeka kwa umakini wa watu wenye jibu. Mke wa mwenye mbwa alimnong'oneza mwenzake kwamba yeye alidhani ni padri. Bi Mize akasema ni yeye, Mize, mke wa Seiji, anakaa kati ya Hisae na Tokunaga kwa miaka ishirini na miwili, na wenye macho walijua. Akauliza kisanduku chake kilikatwa na nani.

Mzee Tokunaga hakukasirika. Alitoa daftari kuukuu kwenye mkoba, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Nimekikata mimi, Mize-san," alisema, kwa lile neno la heshima ambalo huko humfuata kila mtu nyuma ya jina lake. "Wewe uliomba."

Akasoma. Wiki ya msiba alikwenda kutoa pole, na Bi Mize alizungumza naye mlango ukiwa umefungwa, akamwambia kwamba yumo ndani kwa ajili ya mumewe, ni amri ya dini yake, wasimgongee. Mkuu aliandika hivyo. Hekalu la mtaa huu, alieleza, halipeleki karatasi zake kwenye nyumba yenye huzuni, na karatasi za hekalu ziko ubaoni. Nyumba yenye huzuni huondolewa kwenye duara. Inaporudi, mwenye nyumba husimama mbele ya jirani wa kulia na jirani wa kushoto akasema kwa kinywa chake: huzuni ya nyumba hii imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Walikuwa wanamngojea aseme.

Bi Mize aliisikia damu masikioni. Eda. Miezi minne na siku kumi, aliihesabu kwa kokwa za tende ndani ya kikombe, akaimaliza, akaoga, akafungua madirisha, akakaa kuwangoja. Na wao wakakaa kumngoja yeye. Miaka mitatu kila upande umeketi na adabu zake mapajani.

"Ilikuwa siku mia na thelathini," alisema. "Zilikwisha zamani. Mngeniuliza."

"Kumuuliza mtu kama huzuni yake imekwisha," alisema Tokunaga, "ni utovu wa adabu."

"Na kumwandika mwizi?"

Hapo Bwana Nagai aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. Alisema karatasi itaondolewa leo hii, na kwamba yeye alipofika mtaani aliuliza nyumba ile ya nani, akaambiwa haina mtu. Kwa hiyo mtu aliyetoka ndani yake hakuweza kujua amweke wapi. Alisema hayo kwa unyoofu, na Bi Mize aliona kwamba hana pa kumshika.

Tokunaga alifungua kalamu. Alikuwa na haraka sasa, maana nje jua lilikuwa bado linangoja. Jambo ni dogo, alisema. Jirani wa kushoto ni yeye, yupo. Jirani wa kulia ni Hisae-san, yupo. Mize-san aseme lile neno, wao wawili washuhudie, kisanduku kiandikwe upya, ubao uanzie kwake. Akamsukumia ubao.

Bi Mize alifungua mdomo. Alikitaka kisanduku kile, alikitaka kama mtu anavyotaka maji; alikwisha kuona muhuri wake juu yake, mwekundu, umekaa sawa, na kesho yake Hisae akigeuka katika hatua ya sita. Ni maneno matano. Lakini alikuwa na udhu, na maneno matano hayo alipoyapima ulimini yalikuwa ya uongo. Siku zilikwisha kwa sababu Mwenyezi Mungu alizihesabu. Huzuni nani aliihesabu? Kila jioni anatandika sahani mbili na anarudisha moja kabatini. Kila picha tupu aliyoipiga, aliipiga mahali Idrisa alipowahi kusimama.

"Eda imekwisha," alisema. "Huzuni haijakwisha. Andikeni hivyo."

Tokunaga alisema hakuna mahali pa kuandika hivyo.

Walimbembeleza. Mke wa mwenye mbwa alisema ni kawaida tu, husemwa na moyo ukaendelea na mambo yake. Mwingine alisema hata yeye alisema alipofiwa na kaka. Bwana Nagai alisema samahani, hakuna anayetazama ndani. Walikuwa wapole sana, wote kwa pamoja, na Bi Mize aliona kwamba angeweza kupambana na watu wabaya lakini hawa hana njia. Kila alilosema lilipishwa. Alitafuta uso mmoja usioinama akamkuta Hisae. Alikuwa upande wa birika, hajatia neno tangu mwanzo, mikono yake ndani ya mikono ya nguo. Mumewe Hisae, mtengeneza mapipa ya mbao, alifariki miaka thelathini na moja iliyopita. Mtaa mzima ulijua, kama wanavyojua jina la kituo cha treni.

"Hisae-san," alisema Bi Mize. "Wewe uliposimama ukasema, ilikuwa imekwisha?"

Tokunaga alijibu yeye. Alisema Hisae-san alisema siku ya hamsini, langoni, kwa sauti iliyosikika vizuri, na yeye mwenyewe alikuwepo, kijana.

"Sikukuuliza wewe," alisema Bi Mize.

Hisae alitoa mikono yake nje. Alitambaa kwa magoti juu ya mkeka, akapita mbele ya Bi Mize bila kumtazama, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa mkuu wa mtaa kama anayemsaidia mtu mzito. Aliuvuta ubao. Alitafuta kwa kidole mpaka akafika kwenye nyumba yake mwenyewe, akakikata kisanduku chake mstari mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka. Akaifunika kalamu, akairudisha. Tokunaga alimwita jina, kisha akamwambia kwamba jirani wa kulia akiondoka kwenye duara hakuna wa kumshuhudia Mize-san, je, ameliona hilo? Hisae aliuinamia mkeka, si mtu yeyote, akasimama kwa kushika ukuta. Mlangoni alivaa kiatu cha kushoto, akavaa cha kulia, akatoka.